Funga ya Siku Tatu

Kitabu kilikuja nyumbani bila jalada. Mume wangu alikitoa Lindi, kwenye duka la Mhindi mmoja anayeuza madaftari na kalamu, ambako mlangoni huwekwa boksi la vitabu vilivyochakaa, mtu anachagua mwenyewe. Alikuwa amekwenda kikazi, akarudi na kitabu cha mtoto na bila sabuni niliyomwagiza. Nilimsema mpaka akacheka.

Kilikuwa kitabu cha upelelezi cha watoto, kimetafsiriwa. Msichana wa miaka kumi na miwili anaishi katika mji wa bandari, na wenzake wanapotea mmoja mmoja. Polisi wanatafuta, hawaoni kitu. Yeye anaokota alama: ua jeupe ambalo halioti mji ule, nyayo za majivu, mbwa anayesikika akibweka chini ya sakafu ya darasa. Kidogo kidogo anagundua kwamba miungu ya kale ya Wagiriki haikufa, ilijificha tu, na kwamba mfalme wao wa chini ya ardhi ndiye anayewachukua watoto.

Nilikijua chote hicho nikiwa jikoni. Kila siku baada ya swala ya alasiri mume wangu alikaa barazani akamsomea binti yetu sura moja, moja tu, hata akilalamikiwa haongezi. Akifika kwa mfalme wa chini ananguruma mpaka paka anahama. Mimi niliguna. Mtoto ana miaka tisa, anasoma madrasa, halafu anajazwa kichwa miungu ya watu wengine! Mume wangu akanijibu kwamba hadithi haiswaliwi, na kama sitaki kusikia nifunge dirisha la jiko. Sikulifunga. Nilitaka kujua mbwa anabweka kwa nini.

Zilibaki sura nne alipolazwa.

Ugonjwa sitauelezea. Ulianza tumboni, ukawa wa ini, haukuchukua hata mwezi. Jumanne ya mwisho nilichelewa kumpelekea chakula kwa sababu mkaa ulilowa mvua. Binti yetu alinitangulia wodini kutoka shule na chupa ya chai. Nilipofika na wali wangu, jasho linanitoka, nikamkuta mume wangu ananukia chenza na hataki hata kijiko kimoja. Nilikasirika. Nikamwambia nimepuliza moto saa nzima kwa ajili yake, yeye anashiba matunda. Akacheka, akanishika mkono. Kesho yake asubuhi akafariki, na mimi neno langu la mwisho la maana kwake lilikuwa lile.

Nikaingia eda. Kwetu pwani mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna wanja, hakuna kukaa barazani wala kwenda sokoni. Mama mkwe wangu alihamia kwangu kutoka Kiranjeranje na kapu la mihogo na sheria zake. Alikuwa amezika mtoto wake wa kiume, na njia yake ya kuomboleza ilikuwa kuhakikisha kwamba mimi naomboleza sawasawa. Nikisogeza pazia kuona nje, anakohoa. Sikumchukia. Angalau mmoja wetu alijua la kufanya.

Mtoto ndiye aliyenitia wasiwasi. Hakulia. Siku ya mazishi alikaa kwenye mkeka kati ya wanawake, mikono mapajani, anatazama mlango kama anayengoja kuitwa jina. Watu walimshika kichwa wakamwambia baba ametangulia, akawajibu ndiyo. Hitma ikapita, arobaini ikapita, hajatoa chozi. Badala yake alikuja na maswali. Kaburi lina urefu gani kwenda chini? Mtu akizikwa Kilwa na mwingine akizikwa Lindi, wanakutana? Baba alivaa nini miguuni? Nilimjibu hovyo hovyo, au nilimtuma kwa bibi yake, naye bibi yake akamtuma akasome. Kusema kweli nilikuwa namkwepa. Kila akifungua mdomo niliogopa atauliza jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza.

Kwa hiyo siku aliponiomba ruhusa ya safari ya shule nilifurahi mno. Darasa lao lilikuwa linakwenda Songo Mnara kuona magofu, Jumamosi, kwa boti ya mashine. Lilikuwa ombi lake la kwanza tangu msiba. Macho yake yalikuwa na uhai kidogo. Mwalimu, akasema, ameeleza kwamba kule kuna misikiti ya mawe na nyumba za kale na visima.

"Visima vingi?" nikamuuliza, ili tu aendelee kuongea.

"Hata kimoja kinatosha," akasema.

Nikampa ruhusa. Nikampa na nauli. Laiti ningemuuliza kinatosha nini.

Jumatano ya wiki ile aliamka, nikamwekea chai na chapati, akasema amefunga. Mama mkwe wangu akaacha kupepeta mchele. "Amefunga! Mashallah. Umefunga kwa ajili ya nani, mjukuu wangu?" Mtoto akasema kwa ajili ya baba. Bibi akamvuta kifuani akalia hapo hapo, na mimi nikalia, na ilipofika adhuhuri majirani wote walikuwa wamesikia kwamba binti wa marehemu, miaka tisa, anamfungia baba yake. Wanawake walikuja kumwombea dua. Walimletea tende.

Alhamisi akafunga tena. Bibi yake akasema ni sunna, Alhamisi ina thawabu zake. Ijumaa akafunga. Nikasema sasa inatosha, mtoto mdogo. Bibi akanikumbusha kwamba Ijumaa haipendezi kufungwa peke yake, lakini ikifuatana na Alhamisi haina neno. Alinisomea hukumu yote. Ningemwambiaje mtoto aache kumfungia baba yake, mbele ya bibi aliyemzaa baba huyo?

Lakini moyo haukutulia. Jioni, adhana ya magharibi ikilia, mtoto alichukua tende yake na kikombe cha uji akaenda navyo barazani. Ndani kuna joto, alisema. Mimi barazani siruhusiwi, na bibi yake alikuwa anaswali. Kikombe kilirudi kitupu kila mara. Usiku chakula kingine hakutaka, amejaa uji. Ijumaa nilipomsuka nywele niliona shingo yake imekuwa nyembamba, na vidole vyake vilikuwa vya baridi na jua lile lote. Alisimama, akayumba, akashika kabati.

"Una nini wewe?"

"Funga tu, mama. Kesho sifungi."

Nilikubali, maana ndicho nilichotaka kusikia.

Jumamosi aliondoka mapema na begi lake mgongoni. Boti ilikuwa ingoje maji, iondoke saa mbili. Nilimfungia chapati kwenye kontena. Alipokwisha kutoka nikaliona kontena lipo pale pale mezani. Amesahau, nikajisemea, nikaenda kutandika kitanda chake huku najiuliza nani anaweza kumkimbizia.

Sisimizi walinionyesha. Walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka chini ya godoro. Niliinua godoro. Kulikuwa na vipande vya mkate, na nusu chapati imekauka, na tende tatu zimefungwa vizuri kwenye karatasi ya daftari. Tende za magharibi tatu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kuku wa jirani hawakuwa wakiondoka barazani kwetu siku zile: uji wote walikuwa wanakunywa wao.

Mtoto wangu hakuwa amefunga. Alikuwa hajala.

Chini ya mto kilikuwepo kitabu. Sikuwa nimekiona tangu mume wangu alazwe, na wala sikukitafuta. Alikuwa amezimaliza zile sura nne mwenyewe. Nilikaa kitandani nikafungua palipokunjwa. Msichana mpelelezi amefumbua fumbo. Mlango wa kwenda chini umo katika kisima cha mji uliokufa. Anayetaka kupita asile kitu siku tatu, maji tu, kwa sababu mbwa wa mlangoni hunusa chakula kwa walio hai. Akishafika, chochote atakachopewa asikitie kinywani, maana anayekula cha kule anabaki kule. Mistari yote hiyo ilipigwa kalamu ya risasi. Pembeni, kwa mwandiko wa binti yangu, mwandiko ambao baba yake aliufundisha: Songo Mnara. Visima. Mwalimu amesema.

Na mbele ya mstari ule wa mwisho, wa anayekula cha kule, aliandika neno moja, CHENZA, kalamu ikakandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Hilo, kwa haraka ile, sikulielewa. Mengine niliyaelewa vizuri sana.

Nilimpigia mwalimu. Simu iliita mpaka ikakatika, mara tatu. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na dakika arobaini. Nilijiona mwenyewe nimevaa buibui juu ya nguo nyeupe, nimeshika kitasa, na mama mkwe wangu yuko mbele yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Mama, mtoto hajala siku tatu. Anakwenda kuingia kisimani kumfuata baba yake."

Nilitarajia hukumu. Nilikuwa tayari kumsukuma, Mungu anisamehe, mwanamke wa umri ule. Alinitazama, akakitazama kitabu mkononi mwangu, akaziona tende. Uso wake ulikunjamana, nikaona anakumbuka dua zote na sifa zote za siku tatu zile.

"Tulikuwa tunamsifu," akasema.

Kisha akafungua mlango yeye mwenyewe, akatoka mpaka barabarani bila viatu, akaanza kupunga kanga na kuita bodaboda kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Kijana wa bodaboda alinitambua. "Shikamoo mama. Lakini si uko eda wewe?"

"Marahaba. Washa pikipiki."

Mji mzima wa Masoko uliniona asubuhi ile, mjane ndani ya eda, nyuma ya kijana wa watu, buibui linapepea, kitabu bila jalada kwapani. Waliongea mwaka mzima na naambiwa wengine wanaongea mpaka leo. Waongee. Mimi nilikuwa nahesabu dakika. Niliona kisima. Niliona mawe ya ukingo yakimomonyoka chini ya goti dogo lisilo na nguvu. Niliona walimu wawili na watoto arobaini, na nani atagundua kwamba mmoja amebaki nyuma? Nilimwomba Mungu, na katikati ya dua nikajikuta namgombeza mume wangu: wewe na vitabu vyako.

Boti ilikuwa bado. Watoto walikuwa wamepanga foleni gatini wakivalishwa majaketi ya kuelea, na kelele zao zilikuwa za kawaida kabisa. Nilimwona. Alikuwa wa nne kutoka mwisho, amekumbatia begi kifuani. Aliponiona alifanya uso ambao hajawahi kunifanyia kabla wala baada. Nilikuwa nimemharibia.

"Mama! Kuna msiba mwingine?" mwalimu akaniuliza.

"Hapana, mwalimu. Namwomba binti yangu kidogo."

Nilimshika mkono nikamvuta pembeni, kwenye kivuli cha banda wanapouza matunda na soda. Nilitaka nimzabe kofi. Hasira yangu huja mbele ya kila kitu, hata mbele ya furaha, na mkono ulikuwa umeshainuka. Halafu nikaona midomo yake, imepasuka, myeupe pembeni. Mkono ukashuka wenyewe.

"Fungua begi."

Akafungua. Kulikuwa na tochi ya baba yake. Kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo, yangu, niliyoitafuta tangu Alhamisi. Na chini kabisa, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ndala za bluu. Ndala za mume wangu, zilizorudi kutoka hospitali pamoja na sufuria na shuka.

"Za nini hizi?"

"Za kurudia," akasema. "Alizikwa peku. Bibi alisema."

Nilikaa chini. Nilikaa juu ya kreti la soda, katikati ya watu. Yeye ndiye aliyeendelea, harakaharaka, kama anayetaka kumaliza kabla boti haijamwacha.

"Mama, niache niende. Lazima niende mimi. Mimi ndiye niliyemlisha."

"Ulimlisha nini?"

"Chenza. Siku ile ulipochelewa. Yule mzee wa kitanda cha pili alinipa, nikamenya, nikampa baba. Vipande sita. Lilikuwa chenza la kule, la hospitali. Baba hakuwa amekula cha kule hata siku moja, alikuwa anakula chako tu, unaleta wewe. Mimi nikamlisha cha kule." Pumzi zikamwishia. "Akabaki."

Siku hamsini na tatu alikuwa amelibeba hilo, ndani ya nyumba yangu, akiniuliza urefu wa kaburi, na mimi namtuma kwa bibi yake.

Ningeweza kumwambia vitabu ni uongo. Ningeweza kumwambia ini ni nini. Vyote nilimwambia baadaye. Pale gatini kitu pekee kilichonijia ni ile Jumanne, na ni kitu nilichokuwa nimekificha hata mimi, kwa sababu ya aibu yangu.

"Nilipofika nilimkuta ananukia chenza," nikasema. "Nikamgombeza. Unajua alinijibu nini? Alinishika mkono akasema, usinune, leo binti yako kanilisha chenza, na tangu nilale hapa sijaonja kitu kitamu kama kile. Kila nilichompikia mimi kilikuwa kichungu mdomoni mwake. Alikuwa anakula ili nisiudhike. Chako ndicho alichokila kwa raha."

"Alisema hivyo?"

"Wallahi alisema hivyo. Na mimi nilikuwa nimenuna, sikumjibu."

Akanitazama muda mrefu, kipelelezi, anatafuta uongo usoni mwangu.

"Baba amekufa," nikamwambia. Lilikuwa neno ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amelitamka mbele yake. Tulisema ametangulia, tulisema ametuacha, tulisema kila kitu. "Alikuwa anakufa kabla ya chenza. Angekufa bila chenza. Hakuna kisima, mwanangu. Hata kingekuwepo, ningeshuka mimi, siku ya kwanza, na kamba hiyo hiyo."

Akalia. Alilia kwa sauti ya kitoto kabisa, mpaka foleni yote ikageuka na mwalimu akaanza kuja, nikampa ishara abaki. Mama muuza matunda akaacha kupanga ndizi zake. Alichukua chenza mezani akaninyooshea, nikamwambia nimetoka bila pesa, na hata bodaboda ananingoja pale, akasema, "Nani kakuuliza pesa? Mpe mtoto."

Nikalimenya. Nikamnyooshea kipande. Akarudisha kichwa nyuma.

"Nikila siwezi tena kupita."

"Ndiyo. Hutaweza."

"Kabisa?"

"Si ndivyo kitabu kinavyosema? Anayekula cha kule anabaki kule." Sauti yangu haikuwa nzuri. "Hili ni la hapa. Limetoka Masoko, kwenye meza ya huyu mama. Nataka ule cha hapa."

Boti ikapiga mashine. Watoto wakashangilia. Aligeuka akaitazama, akazitazama ndala ndani ya mfuko, na mimi nikakaa na kile kipande mkononi, maji yake yananitiririka mpaka kwenye kiwiko, nikiogopa kuliko nilivyoogopa juu ya pikipiki.

"Na wewe kula," akasema. "Na wewe huli. Nimekuona."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa najilazimisha vijiko viwili ili mama mkwe asinisemeshe. Kwa hiyo nikatia kipande kinywani mwangu kwanza, mbele yake, nikatafuna, nikameza. Kilikuwa kitamu. Ilinikasirisha jinsi kilivyokuwa kitamu.

Ndipo akafungua mdomo. Alikula cha kwanza akiwa bado analia, na cha pili, na cha tatu, halafu akasimama na kitu shavuni, akaniangalia.

"Mama, mbegu niteme?"

Siku zote nilikuwa namwambia ateme, zisije zikamwotea tumboni.

"Meza," nikamwambia.